Vidole Vinne Begani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu mmoja uliokatika, tofali limechukua nafasi yake, mbele ya karakana ya fremu, mkabala na studio inayopiga picha za pasi na vitambulisho. Asubuhi Mama Birika huweka jiko lake pembeni, na wenye benchi lao hawachelewi. Wa kwanza ni Pembe Nne, fundi fremu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hajui kusema kitu ni kizuri. Kikimpendeza husema kimekaa pembe nne. Wa pili ni Masafa, fundi redio, mtu wa methali nyingi ambazo huzichomeka popote penye tundu. Wa tatu ni Albamu, karani mstaafu, ambaye sebuleni kwake zimetundikwa picha za watu mia na kumi na sita na hakuna hata mmoja aliye ndugu yake. Siku hiyo Albamu alikuja na picha moja kwapani, kaifunga kwa shuka, akaiketisha katikati ya benchi kama mtu. Gari la jumba la maonyesho lilikuwa lije kuichukua hapo kona, maana kichochoro cha kwake hakipitishi gari.

– Sogeeni, sogeeni, mgeni apate nafasi, Masafa alisema. Haya, mfunue tumwone kabla hajaondoka. Si ndiye huyo atakayekupeleka ukubwani?

Albamu akaitoa shuka taratibu. Mwanamke wa miaka thelathini hivi ameketi kwenye kiti cha studio, gauni la vifungo vikubwa, mikono mapajani, macho mbele, hana tabasamu. Na begani kwake, kutoka ukingoni mwa picha, vidole vinne vya mtu. Hakuna kiwiko, hakuna kifua, hakuna uso. Vidole tu, vimetua pale kama vina haki yao.

– Hii ndiyo aliyoipenda yule bibie wa maonyesho? Mama Birika aliuliza huku akimimina.

– Ndiyo hii. Nyingine zote alizipita. Hapa akasimama mpaka chai ikapoa.

Akatoa mfukoni karatasi aliyoletewa na huyo bibie wa jumba la maonyesho. Juu palipigwa chapa jina aliloipa picha: *Mkono Usio na Mtu*. Albamu akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya ofisini:

– "Mpiga picha shupavu anatulazimisha tuutazame mkono unaogusa bila kujitambulisha."

– Shupavu! Masafa akapiga paja. Ningeipiga mimi mngesema kamera yangu mbovu.

– Ndiyo maana wewe hujaitwa popote, Mama Birika alimwambia.

– Sikilizeni mimi niwape habari ya huo mkono, Masafa alisema. Huyo ni mume. Alikuwa na nyumba ya pili, hakutaka sura yake ionekane. Wahenga wamesema, mkono mmoja haulei mwana. Hapa mkono ni mmoja. Kwa hiyo hawakuwa na mtoto, ndiyo maana mama wa watu hacheki.

– Methali haisemi hivyo hata kidogo.

– Methali ni kama redio, Mama Birika. Inategemea umeifungulia wapi.

– Basi mie nasema ni mkono wa mwanamke. Tazama kucha. Huyo ni mama mkwe. Ukiwekewa mkono wa mama mkwe begani utacheka wewe?

– Kidole kimoja hakivunji chawa, Masafa alisema kwa uzito, na hapa viko vinne. Maana yake kulikuwa na kazi. Huo mkono ulimzuia asiinuke. Alikuwa anataka kukimbia!

– Akimbie studio?

– Akimbie ndoa. Au... ngojeni. Ngojeni kwanza. Mbona hapepesi macho?

– Ni picha, Masafa.

– Najua ni picha! Nasema hivi: huenda alikuwa ameshakufa. Wamemvalisha, wamemketisha, mmoja kamshika bega asianguke. Mkono mtupu haulambwi, na huo haukuwa mtupu, ulikuwa umeshika maiti.

Mama Birika akamtemea kahawa miguuni kwa kicheko. Hata Albamu akacheka, ila jicho lake halikuwa kwa Masafa. Lilikuwa upande wa pili wa benchi, kwa Pembe Nne, ambaye tangu shuka itolewe hakuwa amesema neno. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

– Fundi, mbona kimya? Albamu alimuuliza.

– Mimi wa fremu. Ya ndani hayanihusu.

Ukweli ni kwamba Albamu alikuwa anamtega. Picha ile aliipata kwa Pembe Nne huyo huyo, miaka minane nyuma, kwenye rafu ya zile ambazo wateja waliziacha wasirudi. Ilikuwa tayari ndani ya fremu na kioo, naye hakuwahi kuifungua. Alhamisi ndiyo alifungua, asafishe kioo kabla ya gari kuja. Picha za studio za zamani zina ukingo mweupe pande zote nne. Hii ilikuwa nao pande tatu. Wa nne, ule wa kwenye vidole, ulikuwa umekatwa kwa wembe, na mkato umepinda kidogo kwa chini. Albamu alikaa na kitambaa mkononi mpaka mkewe akamuuliza kama kajikata. Akasema hapana, akaifunga tena, akapigilia vimisumari vyake mahali pale pale.

Tangu hapo alikuwa hajamwambia mtu. Angemwambia nani? Jumamosi ndiyo ufunguzi. Mke wake, ambaye kwa miaka na miaka alilalamika kwamba nyumba imejaa wageni wasiokula wala kuaga, alikuwa ameshapeleka kitambaa kwa fundi cherehani na kuwaalika dada zake wawili. Albamu hakuwahi kumwona mama watoto akijivunia zile picha hata siku moja, na sasa alikuwa anamsikia kwa simu akisema, "Ya mume wangu ndiyo iliyowekwa mbele." Mtu unamvuaje mkeo raha kama hiyo? Akajipangia hivi: Pembe Nne akisema mwenyewe, basi na mimi nitasema. Asiposema, nani anajua?

– Hivi nikuulize kitu bila utani, Mama Birika alisema akiinama kuitazama picha. Kwa nini watu usiowajua? Wako hawakutoshi?

Albamu akazungusha kikombe.

– Mnajua kazi niliyofanya. Miaka ishirini na saba, vitambulisho. Mtu analeta picha yake nzuri, kavaa, kachana, kasimama na mwenzake. Kitambulisho kinataka uso. Basi unaiweka kwenye mashine, unakata. Huku shingo, huku masikio. Mabega hayatakiwi. Jioni mimi ndiye nilikuwa namwaga kapu. Limejaa mabega.

– Kapu la mabega, Masafa alirudia, bila methali.

– Mabega, mikono, nusu ya mtoto. Siku nilipostaafu, nikipita sokoni nikiona picha ya mtu mzima mzima, na kiti chake, na viatu vyake, naichukua. Wenzangu wanaokusanya wanatafuta jina la mpiga picha. Mimi natafuta mabega. Hii hapa ilinipata kwa sababu bega lake lina mtu.

Pembe Nne akainuka, akaingia karakanani, akatoka mikono mitupu, akakaa tena. Ilikuwa wazi kwamba hakufuata kitu huko ndani.

Hapo ndipo akavuka barabara mwanamke mmoja mwenye sare ya kufanyia usafi, kashika picha nne ndogo za pasi kwa ncha za vidole, kakunja uso.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, wakajibu wazee.

– Naomba kahawa, mama. Naambiwa nisubiri warudie. Wamenikata masikio. Afisa kaniambia niende nikalete masikio yangu.

– Waombe radhi, Masafa alimwambia. Asiye na masikio hasikii la mkuu.

Akacheka kwa adabu, akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa watu watatu na picha. Basi akachuchumaa mbele ya picha na kikombe chake, akaitazama, na Masafa akamweleza yote: mume, mama mkwe, maiti, jumba la maonyesho, mkono usio na mtu. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole chini ya picha.

– Mbona kiti kina mkono mmoja?

Wakainama wote. Kweli. Upande wa kulia kiti kilikuwa na mkono wa mbao uliochongwa vizuri. Upande wa vidole hakikuwa nao. Miaka minane Albamu alitazama vidole, na bibie wa jumba la maonyesho aliandika ukurasa mzima juu ya vidole, na hakuna aliyetazama kiti.

– Kwani si walikuwa wawili? yule mwanamke akasema, kama mtu anayeona haya kusema jambo dogo hivyo mbele ya watu wazima. Huyu wa pili, waliyemkata, alikuwa nani?

Masafa alifungua kinywa. Wote walimwona akitafuta methali, na wote walimwona akiikosa. Mama Birika aliacha birika hewani. Albamu hakumtazama fundi tena. Alitazama chini, kwenye tofali.

– Fremu ilikuwa tayari, Pembe Nne alisema.

Akakiweka kikombe chake chini ya benchi.

– Mbao nilishakata. Picha ikazidi. Nikaipunguza. Sisi tunasema kupunguza. Picha ikizidi unapunguza, kazi ya kila siku.

– Ulipunguza nini? Mama Birika aliuliza.

– Inchi mbili na nusu.

– Nauliza mtu, fundi. Mwanamume? Mwanamke?

Pembe Nne alijishika paji la uso. Alijitahidi, mtu ukimwona unajua anajitahidi.

– Sijui. Wallahi sijui. Nilikuwa natazama rula.

– Na mwenyewe? Hakurudi?

– Alirudi. Mama mmoja mtu mzima. Nilimpa, akaishika muda mrefu. Akaniuliza, "Ndivyo inavyotoka?" Nikamwambia ndiyo, mama, imekaa pembe nne. Akairudisha juu ya meza, akasema atapita kesho.

Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba wateja ni wasahaulifu.

– Nilipoona wewe umeipenda, fundi alimwambia Albamu, nikasema heri. Angalau imepata kwao. Kila ukiisifia nataka kusema, kila ukiisifia nashindwa zaidi. Niseme leo, na gari liko njiani? Na shemeji keshashona gauni?

– Mimi nilijua, Albamu alisema.

– Ulijua nini?

– Tangu Alhamisi. Niliifungua. Nimeuona wembe wako. Nilikaa hapa nikikusubiri wewe useme ili nisiwe mimi. Aibu yetu ni moja, fundi, usijibebeshe yote.

Ng'ambo ya barabara mtu wa studio akapiga mluzi, picha ziko tayari. Yule mwanamke akanywa iliyobaki, akashukuru, akaondoka. Hakungoja jibu, pengine alidhani ni jambo la kifamilia.

Albamu akaikunjua ile karatasi ya jumba la maonyesho. Chini ya maneno ya bibie paliachwa nafasi: *Maelezo ya mwenye picha*. Alikuwa ameiacha tupu wiki mbili. Sasa akaiweka juu ya goti, akatoa kalamu, na mkono wa karani haukusahau kazi. Alipiga mistari kwanza, imenyooka kama ya fomu, ndipo akaandika:

*Aliyeketi:* hajulikani.

*Aliyesimama, akakatwa:*

Hapo kalamu ikasimama. Akauruka mstari.

*Aliyejua akanyamaza:*

Akajaza jina lake, lote, kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho chake mwenyewe. Kisha akaandika *Aliyekata*, akaweka nukta mbili, akamsogezea Pembe Nne karatasi na kalamu juu ya picha.

– Wataikataa, Pembe Nne alisema.

– Wakiikataa itarudi sebuleni. Mama watoto atanuna, kisha atanielewa, au hatanielewa. Andika.

Akaandika polepole, majina matatu. Masafa akachungulia, akasoma, akasoma tena. Miaka kumi na tano wamekunywa kahawa benchi moja, na hakuwa amewahi kulisikia jina lile.

– Kumbe hili ndilo jina lako, alisema kwa sauti ya chini.

Gari likafika. Bibie akashuka na tabasamu lake, akawasalimia, akaipokea karatasi, akasoma akiwa amesimama. Tabasamu lilipungua, halikuisha. Akaitazama picha, akakitazama kiti. Akarudi kwenye karatasi, akaweka kidole katikati yake.

– Mzee, akasema, huu mstari wa pili mmesahau kuujaza.

Albamu akamtazama Pembe Nne, Pembe Nne akamtazama Masafa, na Masafa akageukia kahawa. Mama Birika alikuwa ameshainamisha birika. Hakikutoka kitu.