Feni ya Ukuta wa Mwisho: Risala ya Wafanyakazi wa Karakana ya Samani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya kampuni yetu, Meneja, Mshauri wa Ufundi uliyekuja na picha ya rangi, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana:

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, yote imeoshwa. Kabla ya mengine tunapenda ujue umefika kwa watu wa namna gani. Umefika kwa watu wakweli. Hapa kwetu hakifichwi kitu. Mgeni akiingia anaikuta karakana kama ilivyo siku zote, na anachokiona ndicho kilichopo.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kama banda la mafundi wawili, mtu na kaka yake, wakigombania msumeno mmoja. Leo ina misumeno ya umeme, mashine za randa, na meza ndefu ya msasa ambako kina mama wanalainisha viti, vitanda na makabati, likiwemo kabati tuliloambiwa limo ofisini kwako. Tunatumaini droo ya chini bado inakwama. Ndiyo alama yetu.

Vumbi la mbao linazaliwa kwenye meza hiyo ya msasa. Likitoka kwenye mbao linahamia kwenye kope, kwenye chai, na kwenye vifua. Kiongozi wa meza tunamwita Mama Msasa. Siku hizi akicheka anamalizia kwa kikohozi, kwa hiyo tumepunguza utani mbele yake, jambo ambalo kwa msomaji wa risala hii ni adhabu.

DADA LABDA

Chuo kilituletea mtafiti, binti anayesomea shahada ya uzamivu. Kazi yake ni kupiga hesabu kwa kompyuta ajue hewa inapita wapi ndani ya jengo na inabeba vumbi kwenda wapi, huku akikubali kwamba yapo mambo mengi asiyoyajua kwa hakika. Kila ukimuuliza jambo, jibu ni "labda". Tukampa jina.

"Dada Labda, mvua itanyesha leo?"

"Labda."

"Na mume je, utapata?"

"Labda. Ila si wewe, mdogo wangu. Hilo halihitaji kompyuta."

Sasa, Mgeni rasmi, turudi kwenye ule ukweli wetu. Kila Dada Labda alipokuja kupima tulimpokea kama tunavyompokea mgeni yeyote. Mlinzi wa getini anagonga chuma. Hapo tunafunga mlango mkubwa, kwa kuwa tangazo ukutani linasema ufungwe. Tunazima mashine ili mgeni asikike. Tunamwaga maji sakafuni, tunafagia, tunasimama mikono nyuma kama watu wanaosubiri picha ya pasipoti. Yeye anatega vipima-hewa vyake, anauliza, "Mlango huu huwa umefungwa?" Tunajibu kwa sauti moja, "Saa zote!"

Tulidhani ni heshima. Kumbe tulikuwa tunampimisha karakana ya kuonyeshea wageni.

Siku moja alisahau mwavuli akarudi. Mlinzi alikuwa msalani, chuma hakikugongwa. Akakuta mlango wazi, mashine zote zinanguruma, na vumbi limetanda hata akalisalimia kabati akidhani ni fundi.

"Mama," alimwuliza Mama Msasa, "ndivyo mnavyofanya kazi kila siku?"

"Kwani ulidhani viti vinajilainisha, mwanangu?"

"Na mlango?"

"Tukiufunga tunakufa kwa joto. Anayetaka anaufungua wote, anayetaka anauacha nusu, mwenye hasira anaupiga teke."

"Mbona hamkuniambia?"

"Si ulikuwa mgeni."

Hakugomba. Alikaa juu ya rundo la mbao akashika kichwa, halafu akaanza kazi upya. Safari hii hakutuuliza mlango ukoje. Alichukulia kwamba hajui. Akapiga hesabu mlango ukiwa wazi, ukiwa nusu, ukiwa umefungwa. Akapiga hesabu mashine zote zikifanya kazi, kisha zikiwa chache. Upepo wa nje ukiwa mkali, ukiwa umelala. Hesabu ile ile, kila mara anabadilisha kidogo, mwisho anatazama majibu mengi yameangukia upande gani. Sisi tulimcheka. Tulisema mtu amesoma mpaka kichwa kimejaa, bado anarudia swali moja kama mtoto aliyetumwa dukani na kusahau alichotumwa.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni feni ya kunyonya vumbi unayoizindua leo. Ni kubwa, inang'aa, na utepe wake umefungwa na mtu mwenye kipaji. Imewekwa ukuta wa mwisho, mkabala na mlango mkubwa, kwa sababu mtu akiingia ndiyo anayoiona kwanza.

Mshauri wa Ufundi ndiye aliyeuchagua ukuta huo. Alipokuja kukagua, chuma kiligongwa, tukafunga, tukazima, tukafagia. Akapiga hesabu mara moja, akapata jibu moja, akalipaka bluu na nyekundu. Picha imetulia sana, Mgeni rasmi. Ndani yake mlango umefungwa, hewa ni tulivu, na binadamu hayumo hata mmoja. Kwa karakana ile, feni imekaa pale pale inapotakiwa. Tunaomba tu tuelekezwe karakana hiyo iko mtaa gani, tukaombe kazi.

CHANGAMOTO

Kulikuwa na kikao cha kuamua ukuta. Dada Labda aliitwa. Wafanyakazi tuliwakilishwa na mjumbe mmoja, ambaye kwa unyenyekevu hapendi kutajwa, naye alimtetea binti kwa nguvu zake zote.

"Feni ikikaa ukuta wa mwisho," alisema Dada Labda, "na mlango ukiwa wazi, mara nyingi hewa inaingia kwa nguvu, inalikumba vumbi la meza ya msasa na kulipitisha nyusoni mwa wanaokaa pale kabla halijafika kwenye feni. Ikihamishiwa juu ya meza, karibu majibu yote yanakuwa mazuri, mlango uwe ulivyo."

"Mara nyingi! Karibu yote!" alisema Meneja. "Binti, hapa tunajenga, hatupigi ramli. Ndiyo au hapana?"

"Mzee, ningekuwa mimi, nisingemkalisha mama yangu pale."

"Sijakuuliza habari za mama yako."

Mshauri akafunua picha. "Yangu haina labda," akasema. Meneja akafurahi kama mtu aliyewekewa soda baridi mezani. Dada Labda akaambiwa asikanyage tena hapa mpaka awe na hakika.

Juzi feni ilijaribiwa mlango ukiwa wazi. Vumbi lilinyanyuka mezani likampitia Mama Msasa usoni kama limeitwa kwa jina. Alikohoa mpaka akaushika ukuta. Mshauri alitueleza, bila haya, kwamba feni haina kosa, kosa ni la mlango. Tunasubiri atuambie na pua zina kosa gani.

Daktari wa zahanati amemwambia Mama Msasa kwamba kifua chake hakibebi vumbi zaidi ya hili: ama vumbi lipungue, ama aache kazi. Na kesho mafundi wanakuja kulijengea bomba la feni kwa zege. Likishashika, hakuna mkubwa atakayekubali livunjwe kwa ajili ya kikohozi cha mtu mmoja.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hata leo tumekufanyia yale yale. Sakafu ina maji kwa sababu yako. Utulivu unaousikia ni wa mashine zilizozimwa. Mlango ulifungwa gari lako lilipokata kona.

Kwa hiyo tunaomba usibonyeze kitufe. Kazi ya zege isimamishwe, feni ihamishiwe juu ya meza ya msasa, na Dada Labda aruhusiwe kurudi, aingie bila chuma kugongwa. Kama ni lazima ubonyeze, maana wapiga picha wamekuja, tunaomba mlango ufunguliwe, mashine zote ziwashwe, na wewe ukae kwenye kiti cha Mama Msasa. Bonyeza kutoka pale. Mshauri anaweza kusimama nyuma yako ameshika picha.

Risala ilipaswa kuishia hapo. Lakini jana iliposomwa mbele ya wafanyakazi wote ili ipitishwe, Mama Msasa alisimama, na imeamuliwa maneno yake yaingie kama yalivyotoka.

"Ongeza na hili," alisema. "Siku ya kikao cha ukuta mimi ndiye niliyetumwa kupeleka viti. Nilimkuta huyu mjumbe wetu ndani."

"Mama, hayo si lazima yaandikwe..."

"Ngoja nimalize, mwanangu. Meneja aliuliza kama wafanyakazi wana pingamizi. Huyu akasimama, akaigiza sauti ya yule binti, labda, labda, mpaka wakubwa wakajishika mbavu. Halafu akasema hatuna pingamizi lolote, na makofi ya kwanza akapiga yeye. Nilikuwa mlangoni na kiti mkononi. Nilimwona."

Mjumbe huyo ndiye anayekusomea. Nilipendekeza asome mtu mwingine, pendekezo likakataliwa na wote. Mama Msasa amesimama pale nyuma, anafuatisha kwa midomo, ahakikishe siruki mstari.

Mungu akujalie afya na pumzi ndefu, Mgeni rasmi, na Mama yetu asimnyime yake.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Samani.