Namba Mbili Nilizozikosea Nakawa

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake! Nawasalimu nikiwa hai, na hilo peke yake ni ushuhuda. Haya ninayoyasema niliyaandika mara sita kabla ya kusimama mbele yenu, kwa sababu kila nilipoyasoma niliona sentensi mbaya. Nichekeni tu. Ugonjwa wangu ndio huo, na ndio niliokuja kuusema, sasa kwa kuwa utawala ule wa jeshi umeanguka na mtu anaweza kusema.

Mimi ni binti wa askari polisi, mtu wa kaskazini. Nilikulia kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari, na shule niliiacha mapema. Ufundi nilijifunza mwenyewe. Wahindi wenye maduka ya umeme walipofukuzwa nchini, vitabu vyao vilitupwa barabarani, nami nikaokota kimoja kinachoeleza mota za umeme. Mchwa walikuwa wamekula kurasa kadhaa. Nilikisoma kwa kamusi hadi nikakishika kichwani. Kurasa zilizoliwa nilizijaza kwa kukisia, na tangu hapo niliishi kwa hofu kwamba nimekisia vibaya na siku moja nitajulikana.

Nilipata kazi ya kufagia katika karakana ya mota, eneo la viwanda Nakawa. Mkuu wa karakana alikuwa Mama Adongo, injinia, mwanamke wa kwanza niliyemsikia akiitwa hivyo. Mchana mmoja alinikuta nimefungua mota mbovu. Hakunifokea. Aliniuliza nani amenifundisha, nikamjibu hakuna mtu. Akaniambia nije nyumbani kwake Ntinda Jumamosi, nije na daftari.

Huko nilikuta wasichana watatu wengine aliokuwa akiwalea katika ufundi. Ndugu zangu, siku zile wanawake watano chumbani walihesabika kuwa mkutano, na mkutano ulipeleka watu pabaya. Kwa hiyo tulikaa na vitambaa vya kudarizi magotini, ili jirani akichungulia aone washonaji, na michoro ya mota ilikuwa chini ya vitambaa.

Mama alikuwa na desturi moja. Kabla ya somo, kila mmoja alisoma katika daftari lake kosa alilofanya wiki ile kazini. Yeye alianza. Alitusomea jinsi alivyounguza mota nzima akiwa injinia kamili, huku anacheka mpaka anajifuta machozi. Na karakanani alikuwa na sheria: aliyefunga nyaya asizikague mwenyewe. Mwenzake azisome kwa sauti, moja moja.

Mimi nilidanganya. Kila Jumamosi! Nilitunga makosa madogo: nimesahau spana, nimechelewa kufagia. Ya kweli niliyaficha. Mwenzangu Nakato, ambaye naye alifanya kazi karakanani, aliwahi kunitania, "Wewe malaika, lini utakosea kama sisi?" Wote wakacheka, nami nikafurahi. Niliipenda ile sifa kuliko nilivyompenda Mungu.

Kisha ikaja mota ya pampu ya maji kutoka kambi ya jeshi. Mama aliitengeneza na kuijaribu, ikazunguka vizuri. Akaniachia mimi kuisafisha na kuifunga. Nyaya zake tatu zilikuwa na alama za chaki, chafu, zimeandikwa ovyo. Nilitaka wanajeshi waone kazi safi. Nikazifuta, nikakata vibati vitatu vidogo, nikavipaka rangi nyeupe, nikaandika moja, mbili, tatu kwa mwandiko mzuri, nikavifunga kwenye nyaya. Nakato akaja azisome. Nikamwambia nimeshakagua mwenyewe, aende akale.

Alipoondoka, shaka ikanishika. Ya pili na ya tatu, je, ndivyo zilivyokuwa? Ningeuliza, lakini kuuliza kungeonyesha kwamba nilifuta alama bila kuziandika mahali. Nikanyamaza. Mama akatia sahihi yake kwenye karatasi, na mota ikaondoka.

Siku ya nne, asubuhi, Landrova ya jeshi ikaingia uani. Afisa aliteremka taratibu na askari watatu. Alisema pampu inanguruma lakini tangi ni kavu. Ndugu zangu, miaka ile mashine ikigoma haikuitwa kuharibika. Iliitwa hujuma, na waliotiwa kwenye magari yale kwa hujuma, wengi hatukuwaona tena.

"Nani nafanya kazi hii?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Mama akajibu, "Sahihi ni yangu, afande."

Wakamshika mikono. Kiatu chake kimoja kilichomoka kikabaki kwenye mafuta sakafuni. Mimi nilikuwa nyuma ya meza ya kazi, na ninaungama mbele yenu: wazo la kwanza halikuwa Mama. Nilifikiri, sasa watajua kwamba nilikosea. Mwanamke aliyenifundisha anaburutwa, nami nalinda jina langu!

Hapo niliomba, na halikuwa ombi zuri. Nilisema moyoni, Bwana, nifungue mdomo, mimi siwezi. Na mdomo ukafunguka.

"Afande, ni mimi. Nilifunga namba vibaya, mbili na tatu. Pampu inazunguka kinyume."

Akanijia karibu. "Nakosea ama natumwa?"

"Nilikosea."

"Mbili na tatu? Hata mtoto ya shule najua."

Askari wakacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekikimbia maisha yangu yote. Nikasema, "Ndiyo, afande. Mtoto wa shule angejua."

Wakatupakia sote wawili. Njiani Mama aliniinamia akanong'ona, "Tukifika usiharakishe. Tutasoma kama siku zote."

Katika kibanda cha pampu nilipiga magoti, sketi ikiwa juu ya ovaroli, maana suruali ilikuwa marufuku kwa wanawake. Askari alisimama nyuma yangu na bunduki. Nilibadilisha zile nyaya mbili, na Mama akazisoma kwa sauti, moja moja, nami nikiitikia. Alipomaliza akaanza upya. Afisa akatuambia tufanye haraka.

"Afande," Mama akasema, "tukiharakisha utarudi tena Nakawa."

Akarudi nyuma hatua moja. Mama akamaliza kusoma, nami nikawasha. Mota ikanguruma, lakini bomba lilikaa kimya. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika arobaini. Kisha askari aliyepanda juu ya tangi akasema, kama anayejisemea, "Maji nakuja."

Afisa alimtazama Mama, akamwita bibi kwa lugha ya wenyeji. "Nyabo, fundisha huyu msichana wako kuhesabu." Akatuonyesha lango.

Tulirudi kwa miguu, Mama akiwa pekupeku, kiatu kilichobaki kikiwa mkononi. Alilia kidogo, kisha akaniambia, "Lile la pampu nimeshalisamehe. Yale uliyonificha Jumamosi zote, hayo utanisomea." Nilimsomea mbele ya wenzangu, yote niliyoyakumbuka, hadi jua likazama. Nakato akasema, "Kumbe uko na sisi." Nililia kuliko nilivyolia kambini.

Ndugu zangu, sielewi kwa nini mimi nilirudi na wengine hawakurudi. Hawakuwa na dhambi kunizidi. Hilo namwachia Mungu. Ninalojua ni kwamba siku ile aliniokoa mara mbili: kutoka mikononi mwa watu wale, na kutoka katika woga wangu, ambao ulikuwa tayari kumuua Mama yangu ili mimi nionekane safi. Kama kuna kitu unakificha kwa kuogopa kuonekana, kiseme kikiwa bado kidogo. Bwana amekwisha kukiona na hajakuacha. Na msichana ambaye mkono wake unapenda spana, asione haya, aje kwetu Jumamosi mchana. Vitambaa vya kudarizi havihitajiki tena.

Siku hizi nami nina wasichana wawili ninaowafundisha. Juzi mmoja aliniambia, mbele ya mwenzake, kwamba mchoro niliowapa una kosa. Uso uliniwaka moto. Nikamshukuru, nikavuta kiti, nikakaa anionyeshe. Mwaminini Bwana, wapendwa. Amina!