Bomba la Nne la Burambo

Miaka thelathini na mitano na miezi minne: huo ndio muda ambao Mama Athanasie Kahindo ameitumikia ofisi yetu ya mipango hapa Goma. Aliingia Februari 1989 akiwa daktilo, mpiga chapa, na Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, anastaafu akiwa shefu wa biro ya ufuatiliaji, yaani biro inayokwenda kutazama kama yale tuliyoandika katika mpango wa maendeleo wa mwaka yamefanyika kweli. Wenzangu wamenichagua mimi, Viateur, nimwandikie wasifu kwa karatasi hii ya sherehe. Wanasema mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu zaidi. Ni kweli, lakini iko sababu nyingine ambayo hawaijui, na nitaisema humu humu, kabla keki haijakatwa.

Mama Kahindo alizaliwa Butembo, katika familia ya wafanyabiashara wa maharagwe, watu ambao wakikuuzia gunia wanalimwaga kwanza ulione mpaka chini. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye akapanda lori la vitunguu, akateremka Goma na cheti chake cha kupiga mashini, akapanga chumba Majengo, na mtaa huo hajauhama hadi leo. Wakati ule mpango wa mwaka ulikuwa kurasa mia mbili na zaidi, kila ukurasa unapigwa na kaboni tano nyuma yake. Ukikosea herufi moja, unafuta karatasi sita. Wakubwa waliogopa kupita karibu na meza yake, maana alikuwa na tabia ya kusimamisha mashini na kuuliza mbele ya watu: "Papa shefu, hii barabara ya ukurasa wa kumi na mbili, si ni ile tu ya mwaka jana?" Na kweli ilikuwa ile tu ya mwaka jana.

Volkano ya 2002 ilipoifunika ofisi yetu ya zamani pamoja na makabati yote, mpango wa mwaka ule ulibaki nakala moja tu duniani: ile aliyokuwa ameibeba nyumbani kusahihisha. Tuliifanyia kazi mwaka mzima, na alama ya sufuria juu ya jalada. Alipopandishwa cheo baada ya hapo hakuna aliyenung'unika, na sisi watumishi wa serikali tunajua hilo si jambo dogo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa ajili ya wageni wetu. Mpango wa mwaka ni orodha. Shule hapa, daraja pale, kituo cha afya kule. Mwisho wa kila mstari kuna kisanduku kidogo, na kufikia mwezi wa Desemba sisi ndio tunaokijaza: imekwisha, au bado. Ukiandika "bado", mstari unahamia mpango wa mwaka unaofuata. Ukiandika "imekwisha", mstari unatoka na haurudi tena. Kisanduku hicho ndicho kilichomtesa Mama Kahindo miaka mitano ya mwisho ya kazi yake, na aliyemtia katika mateso hayo ni mimi.

Burambo ni kijiji kilicho juu ya Munigi, penye mawe meusi ya volkano matupu. Mvua inanyesha sana, lakini maji yanazama katika mawe na hakuna chemchemi. Mpango wa mwaka 2015 uliwaandikia mabomba manne ya maji. Mwezi wa Novemba nilitumwa nikayaone. Nikapanda pikipiki, na kabla ya kufika Munigi mvua ikaanguka, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nikajificha kwenye baraza la duka, nikampigia simu mjenzi. Akanijibu: "Shefu, yote ilishaisha, usijichokeshe bure." Basi sikujichokesha. Nilirudi ofisini nikaandika: mabomba manne, yamekwisha, mia kwa mia. Mama Kahindo aliniuliza kama njia ilikuwa mbaya. Nikasema mbaya sana. Akanipa pole, akatia sahihi.

Tangu siku hiyo Burambo walikuwa na maji kwenye karatasi. Kila mwaka mkuu wa kijiji aliomba bomba, na kila mwaka alijibiwa kwamba wao wameshapata, waache na wengine wapate. Wafadhili nao walikuja, wakasoma orodha yetu, wakaenda kijiji kingine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka minne, na waliotembea si mimi, ni wamama wa Burambo, bidoni ya lita ishirini mgongoni, kwenda Munigi na kurudi.

Asubuhi moja ya Agosti 2019 wamama hao walishuka mpaka Goma kwa miguu na kupanga bidoni zao tupu mbele ya mlango wetu. Zilikuwa za manjano, zaidi ya sitini, na mlinzi hakujua afanye nini. Mama Kahindo alitoka na dosie, faili ya Burambo, mkononi, akawasomea kwa upole kwamba ofisi inaonyesha wana mabomba manne. Aliyewaongoza, Mama Nsimire, muuza mihogo, mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya barabara, akamjibu: "Aksanti sana, mama. Basi twende utuonyeshe fasi ziko, sababu sisi hatujazionaka." Watu walicheka. Mimi nilikuwa dirishani, nikavuta pazia.

Alikwenda nao siku hiyo hiyo, kwa miguu, na viatu vyake vya ofisi. Alikuta nguzo nne za saruji, na majani yameota juu yake. Bomba hata moja halikuwapo. Kesho yake alituita wote. Tulijua atatafuta mwenye kosa, na mimi nilikuwa nimeshatayarisha uongo wa pili. Akasema maneno machache tu: "Sahihi ni yangu. Mayi ya watu nimeiandika mimi. Nitaifuta mimi." Akaketi akaanza barua ya kwanza.

Jamani, kufuta ni kazi! Serikali ina karatasi ya kuanzisha mradi, ya kuusimamisha, ya kuuendeleza na ya kuufunga. Karatasi ya kusema "tulidanganya, haukujengwa" haipo. Jibu la kwanza lilisema mradi uliokwisha haufunguliwi. La pili lilimshauri aangalie heshima ya ofisi. La tatu halikuja. Mwaka 2020 kiti cha ukurugenzi kikawa wazi, na kila mtu humu ndani alijua ni chake. Kikapewa mwingine, kwa sababu mtu anayekiri kosa kwa maandishi, tena kwa barua nne, anaonekana ana matatizo. Siku hiyo alikuja kazini na mandazi ya watu wote. Mimi la kwangu nilimpa mlinzi.

Hakuacha. Mei 2021, mlima ulipowaka tena na mji mzima ukakimbilia Sake, tulimkuta njiani amekumbatia mkoba mmoja. Tulidhani ni nguo. Zilikuwa nakala za barua za Burambo. Benny wetu wa takwimu alimtania kwamba mama atafunika watoto kwa barua, naye akajibu kwamba karatasi nayo inaleta joto. Kisha wakimbizi wa vita kutoka Rutshuru wakajaa Munigi na vijiji vyote vya jirani, foleni za maji zikarefuka maradufu, na yeye akaandika barua ya saba.

Ni katika miaka hiyo alipotuletea desturi ambayo sasa kila mtu anaijua, na wengine wanaichukia. Ukirudi safari na kuandika "imekwisha", anakuuliza swali moja. Kama ni maji: "Ile mayi, ulikunywa?" Kama ni shule: "Ulikaa kwenye banki?" yaani dawati. Kama ni kituo cha afya, ulipimwa uzito? Yeye mwenyewe aliwahi kukalia banki la shule moja kule Rutshuru, ubao ukavunjika, akaenda chini mbele ya mkurugenzi wa shule na wanafunzi wote. Alijipangusa, akachukua kalamu, akaandika "bado". Mwaka wa kwanza wa desturi hiyo miradi "iliyokwisha" ya mkoa ilipungua karibu nusu, na wakubwa walikasirika wakidhani tumelegea kazini. Mwaka wa pili wakaelewa. Leo ofisi nyingine zinatuma watu waje kujifunza, na sisi tunawaeleza kwa maringo, kana kwamba wazo lilikuwa letu.

Mimi nilimwendea mara tatu nimwambie ukweli. Mara mbili nilianza na hali ya hewa na nikamalizia na hali ya hewa. Mara ya tatu alivua miwani. Akasema: "Viateur, ripoti iko na jina lako chini. Nilisoma tangu siku ile ya bidoni. Mimi sina kiu. Siku moja utaambia wenye kiu." Akavaa miwani, akaniomba nimpatie klipsi. Hakulisema tena, wala kwa mdomo wala kwa jicho, na hakunipunguzia hata safari moja ya kazi. Nimekaa miaka mitatu na maneno hayo.

Mwaka jana, baada ya barua kumi na moja, mstari wa Burambo ulirudi katika mpango. Ni wa thelathini na nane, ukitaka kuutafuta. Umeandikwa kama alivyotaka, bila kupambwa: "Mabomba manne. Hayakujengwa. Kosa ni la ofisi." Wazee wa kazi hii wananiambia hawajawahi kuona sentensi kama hiyo katika mpango wa serikali. Februari mwaka huu mafundi walianza kazi. Na Mama Kahindo, ambaye Juni angestaafu, akawa na ombi moja tu kwa Mungu: akijaze kile kisanduku kwa mkono wake kabla ya kuondoka.

Tarehe 14 mwezi huu tulipanda naye Burambo. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Bomba la kwanza likafunguliwa, maji yakatoka, akanywa kikombe chote. La pili, akanywa. La tatu akanywa nusu, nusu akamimina kichwani, wamama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. La nne likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza. Fundi akasema presha ya maji ni ndogo, itachukua wiki kadhaa. Mama Nsimire akamshika mkono, atie sahihi yaishe: "Sinya tu, mama. Tatu inatosha, ya ine itakuja. Unaenda retrete, unapumzika kazi, utaenda na deni?" Nasi sote tukamwomba. Hata mkuu wa kijiji alimwomba. Mama Kahindo alilitazama lile bomba kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka, nami nilimwona. Akafungua dosie juu ya magoti yake, akakiacha kisanduku wazi, akaandika pembeni: "Bado moja."

Hapo nikaona siwezi tena. Nikasimama mbele ya watu wale, wengi wakiwa bado na vikombe mkononi, nikawaambia kuhusu Novemba ya 2015, kuhusu mvua, simu na viatu. Mama mmoja mzee alinigeuzia mgongo, na ana haki. Mwisho Mama Nsimire akaniuliza: "Na vile viatu, uko navyo?" Nikasema vilishachakaa zamani. Akasema: "Ona sasa. Hata havikukaa." Kisha akanijazia kikombe kwenye bomba la tatu, akanisimamia mpaka nikakimaliza. Nimeandika hapa ili na ninyi wenzangu mlisikie kwangu, msilisikie sokoni.

Jumatatu mimi ndiye nitakayeketi kwenye kiti chake. Nilimwambia mkurugenzi atafute mwingine. Mama Kahindo akamwambia asinisikilize, kwamba mtu aliyewahi kuchoma chakula ndiye anayechunga moto. Jana alinikabidhi meza: funguo mbili, stapla inayokwama, na dosie ya Burambo. Kisanduku cha mstari wa thelathini na nane ki wazi.

Mama Kahindo, ofisi nzima inakushukuru. Umetufundisha kwamba mpango wa serikali unaanzia kwenye karatasi lakini unaishia mdomoni mwa mtu mwenye kiu. Unaondoka bila ukurugenzi na bila kile kisanduku, na vyote viwili ulivikosa kwa sababu yangu. Cha kwanza sina uwezo wa kukirudisha. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiokosea herufi. Lakini usisafiri mbali na Majengo. Siku bomba la nne litakapotoa maji nitakuja kukuchukua kwa pikipiki, hata kama mvua inanyesha. Utakunywa wewe kwanza, kisha kalamu nitakupa wewe.