Arobaini na Nne, na Sweta Mwilini

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama Pacha: Mimi.

Fundi: Mimi nani? Namba hii siijui.

Mama Pacha: Mkeo. Umeshasahau na sauti, Baba Pacha?

Fundi: Aa, Mama Pacha! Habari za njiani? Mbona— simu ya nani hiyo?

Mama Pacha: Njiani salama. Yangu imezima chaji, nimeazima kwa mtu hapa kituo cha mafuta.

Fundi: Mtu gani?

Mama Pacha: Mtu mwenye simu. Nisikilize, salio lenyewe si langu. Pikapu inanidanganya.

Fundi: Inakudanganyaje?

Mama Pacha: Ile namba ya joto la nje, pale kwenye dashibodi. Inasema digrii arobaini na nne.

Fundi: Asubuhi hii?

Mama Pacha: Asubuhi hii, na mimi nimevaa sweta! Mwenye simu mwenyewe kajifunika koti mpaka masikioni.

Fundi: Koti la kike au la—

Mama Pacha: Baba Pacha! Nina vifaranga mia sita nyuma, wa siku moja. Si wewe uliyeniambia ikipita thelathini nikunje turubai wapate hewa? Haya, nimekunja. Nimekwenda nusu saa nzima hivyo hivyo. Nasimama hapa, nasikia kelele, naenda kuchungulia, wamebanana kona moja wanatetemeka.

Fundi: Funga turubai!

Mama Pacha: Nimeshafunga. Lakini mbele nateremka bondeni, kule kwenye joto la kweli. Nikiwa ndani ya gari nitajuaje pa kufungua? Hawa wakifa, mwenye mabanda ya kuku hanipi tena mzigo. Kashasema.

Fundi: Hawafi. Tulia. Ukiwasha asubuhi, gari limepoa, inasoma ngapi?

Mama Pacha: Sawasawa tu. Kumi na nane, kumi na tisa. Nikiendesha kidogo ndiyo inapanda.

Fundi: Basi sensa, kile kipima joto, ni nzima, ila inakula joto la injini. Ilianza lini?

Mama Pacha: Jumanne. Jumatano. Hapo hapo.

Fundi: Inama mbele, chungulia nyuma ya bampa. Kuna kadude keusi, kadogo kama ncha ya kidole, kana waya mbili.

Mama Pacha: [nyayo kwenye changarawe]

Fundi: Haloo? Umepotea?

Mama Pacha: Nipo. Kumbe kale... kale ndiko kanakopima joto?

Fundi: Ndiko. Umekaona?

Mama Pacha: Nakaona. Kako ndani kabisa, kamelalia rejeta ya maji ya injini.

Fundi: Haiwezekani. Mimi nilikaweka huku mbele, kwenye upepo. Kamefikaje huko?

Mama Pacha: Kamefungwa. Na kipande cha mpira wa tyubu.

Fundi: Nani kakafunga? [mtandao unakwaruza] Nimeuliza nani! Hapo mikono miwili haienei kufunga fundo mpaka bampa lifunguliwe. Nani kafungua bampa langu?

Mama Pacha: Bampa lako?

Fundi: Tazama fundo. Mkia wake umeelekea wapi?

Mama Pacha: Kushoto.

Fundi: Nilijua! Nilijua mimi!

Mama Pacha: Umejua nini?

Fundi: Mrefu! Fundi wa mkono wa kushoto mtaa mzima ni mmoja.

Mama Pacha: Mrefu gani tena?

Fundi: Usinifanye mtoto. Mrefu wa gereji ya ng'ambo, aliyeleta posa kwenu kabla yangu. Ukipita pale anaacha kazi, anabaki kaduwaa na spana mkononi. Unadhani sioni?

Mama Pacha: Mimi sijawahi hata kuitazama spana yake.

Fundi: Jumanne nilikuwa kwa mama, sikulala nyumbani. Ndiyo siku hiyo, eh? Alifungulia wapi hilo bampa? Barabarani?

Mama Pacha: Unataka kweli kujua?

Fundi: Sema!

Mama Pacha: Uani. Aliyefungua alifungulia uani, kwa spana zako, zile za kwenye sanduku jekundu.

Fundi: Spana zangu! Halafu?

Mama Pacha: Alipomaliza akaingia ndani, akanawa.

Fundi: Ndani? Kwa sabuni yangu?

Mama Pacha: Akala. Pacha wakamkalia mapajani, mmoja huku, mmoja huku.

Fundi: Wanangu mimi...

Mama Pacha: Giza lilipoingia akalala.

Fundi: Akalala wapi?

Mama Pacha: Kitandani kwako. Upande wa ukutani.

Fundi: [chuma kinaanguka sakafuni]

Mama Pacha: Haloo? Upo?

Fundi: Nipo. Sijui kama nipo.

Mama Pacha: Baba Pacha, upande wa ukutani analala nani?

Fundi: Unalala wewe.

Mama Pacha: Na chakula nakupakulia kwa mkono gani?

Fundi: Hebu achana na—

Mama Pacha: Mkono gani?

Fundi: Kwa... Mkono... Ngoja kwanza.

Mama Pacha: Nangoja. Miaka kumi na mmoja nangoja.

Fundi: Kushoto.

Mama Pacha: Kushoto. Mkono wa Mrefu umeukumbuka papo hapo, wa mkeo umekuchukua dakika.

Fundi: Wewe? Wewe ndiye uliyefungua bampa?

Mama Pacha: Nilikwangua nguzo ya geti wakati natoka. Bampa likabonyea. Nikalifungua, nikaligonga na nyundo likarudi. Kale kadude nikakaona kananing'inia, kishikizo kimevunjika. Nikajua waya tu huo, nikakafunga pale kasichezecheze.

Fundi: Nani kakufundisha kufungua bampa?

Mama Pacha: Ninakushikia tochi kila Jumapili, unadhani nalala?

Fundi: Mbona hukuniambia kuhusu nguzo?

Mama Pacha: Ningekwambia nimegonga nguzo, ungeniuliza nilikuwa namtazama nani.

Fundi: Mimi? Mimi ninge—

Mama Pacha: Ungeuliza, hungeuliza?

Fundi: Ningeuliza.

Mama Pacha: Basi. Inaniuma hiyo. Naogopa kukwangua nguzo kwangu mwenyewe. [mtandao unakwaruza] ...simu yake.

Fundi: Unasemaje? Unakatika!

Mama Pacha: Nasema mwenye simu anataka simu yake. Kadude nikafanyeje?

Fundi: Kata huo mpira, kisu kitapenya kwa chini. Kavute mbele, kafunge kwenye ule mhimili nyuma ya grili, ule wavu wa mbele, mbali na rejeta. Kapigwe na upepo, kasiguse chuma cha moto. Una kisu?

Mama Pacha: Ninacho. Subiri... [pumzi] Haya. Nimefunga.

Fundi: Umekaza?

Mama Pacha: Kwa mkono wangu.

Fundi: Sawa. Sasa namba haitashuka hapo hapo. Nenda mwendo wa kawaida, dakika kumi hivi, itakaa sawa. Bondeni uiamini. Na kazi yako si mbaya, Mama Pacha. Kufunga umefunga vizuri, ila pahali sipo.

Mama Pacha: Na wewe wivu wako ni hivyo hivyo.

Fundi: Mke wangu, mimi—

Mama Pacha: Tutaongea nikirudi. Vifaranga wametulia, niwahi kabla jua halijapanda. Mwenye simu kanyoosha mkono.

Fundi: Huyo mwenye simu ni m—

Mama Pacha: Ni nini?

Fundi: Hapana. Sijauliza.

Mama Pacha: Ulikuwa umeshaanza.

Fundi: Nimeacha. Mwambie asante.

Mama Pacha: Nimwambie nani?

Fundi: Yeyote yule. Mwenye simu.

Mama Pacha: Haya. Nitamwambia. Kwaheri, pacha wavae—

[simu imekatika]

Fundi: Haloo? Mama Pacha? Haloo? Ila ni mwanamume, eh?