Shughuli Inayofunga Mdomo

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha vioo cha duka la vifaa la Ilma Kangas, pale barabara ya kanisani inapokutana na ile iendayo mgodini, ingawa mgodi wenyewe wa shaba ulifungwa zamani na kilichobaki ni mnara wenye kutu. Tangu mwezi wa kumi na moja Ziwa Superior hutumwagia theluji kana kwamba lina kinyongo nasi, na sisi wazee tusio tena na shimo la kushukia hulizunguka birika la kahawa na mkate wa iliki anaouoka Ilma mwenyewe. Asubuhi ninayoieleza, palikuwa na nafasi moja tupu, iliyo pana kuliko nafasi zetu sote. Urho Lampinen, tuliyemwita Ghala kwa kuwa kilichoingia kwake hakikutoka, alikuwa ameitwa na daktari wa macho. Kisukari kilikuwa kimeanza kuivujisha mishipa ya ndani ya macho yake. Jicho la kushoto lilikwisha kuingia ukungu, na kabla ya Krismasi daktari alimwambia wazi kwamba asipoacha kula ovyo, la kulia litafuata. Siku hiyo ndiyo aliyokwenda kupimwa tena.

Naye hakuwa mtu wa njaa. Alitueleza mwenyewe, hapo hapo kwenye benchi, majira ya vuli: tangu mkewe Lempi azikwe, kitu pekee kinachotoa sauti ndani ya nyumba ni friji, na kila inaponguruma yeye huinuka kwenda kuifungua, kama mtu aliyeitwa. Ndipo tukaamua, kama benchi, kumtafutia shughuli ya kumshughulisha.

Aliyevunja kimya alikuwa Wilbert Jago, tuliyemwita Redio, maana hana mahali pa kumzimia.

Redio: Saa hizi ndiyo anamulikwa na ile taa yao. Jamani, mimi nasema ukweli. Huyu mtu akirudi kipofu, ni sisi tuliompofusha.

Reino Maki, ambaye kwa kazi yake ya kupasua miamba aliitwa Baruti, na ambaye masikio yake yalibaki shimoni, alijibu kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Baruti: Sisi tena? Kwani nilimlisha mimi?

Redio: Nani alimpeleka kuvua samaki kwenye barafu?

Baruti: Nilimpeleka kwa nia safi! Mtu mkono huu kashika mshipi, mkono huu kashika...

Redio: Soseji.

Baruti: Baridi ile, bwana! Mnakaa kibandani tangu alfajiri, samaki hata hagusi. Nilibeba vitu kidogo tu.

Ilma: Kidogo! Mkeo kaniambia mliondoka na ndoo mbili. Ya samaki ikarudi tupu, na ya chakula ikarudi tupu.

Baruti: Sawa, nipigeni mawe. Na huyu Redio aliyemtia kwenye kwaya?

Redio: Mtu anayeimba hawezi kutafuna. Hiyo ni sayansi.

Baruti: Na mkishamaliza kuimba?

Redio: Wale akina mama... walileta vitu.

Ilma: Aina saba za biskuti, kama kawaida. Ulitaka tuaibike?

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Katika mji huu hakuna burudani isiyokuja na sahani yake. Ukienda sauna, soseji inaiva juu ya mawe yale yale yanayokutoa jasho. Ukicheza karata, mkate upo kabla karata hazijachanganywa. Mgeni akifika mlangoni, kutompa kahawa ni kumtukana, na yeye kukataa ni kukutukana wewe. Mimi nilidhani nimewazidi akili wenzangu nilipomwazima Ghala kitabu kinene. Kilirudi na makombo ya biskuti katikati ya kurasa, tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho.

Redio: Nimepata. Afuge nyuki. Nyuki hawachezewi, ukiwasogelea na kitu mdomoni wanakutia adabu.

Ilma: Mtu anaumwa sukari, wewe unamfugia asali?

Redio: Basi tarumbeta. Umeshamwona mpiga tarumbeta mnene?

Ilma: Wote.

Baruti: Mpeni baruti! Mimi miaka yangu yote kule chini sijawahi kutafuna kitu nikiwa na fataki mkononi. Ule mwamba nyuma ya nyumba yake, aupasue polepole, kidogo kila wiki.

Redio: Jicho moja, halafu baruti. Wewe ndiye unataka arithiwe mapema.

Baruti: Basi alale kama dubu. Dubu anakula mara moja, kisha kimya mpaka theluji iishe. Tumtafutie chumba chenye giza.

Redio: Dubu hana friji, mzee.

Baruti alikuwa angali anafikiri jinsi ya kumwondolea Ghala friji yake bila kumvunjia mlango, mlango wa kibaraza ulipofunguka nusu na baridi ikaingia. Alikuwa Ghala. Koti lake lilimning'inia kama limeazimwa kwa mtu mnene zaidi, jambo ambalo sote tulikuwa tumeliona kwa wiki kadhaa na hakuna aliyethubutu kulisema. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Ilma: Funga mlango, Urho! Unapasha joto mtaa mzima.

Alisema hivyo huku akimkatia kipande cha mkate, kwa mazoea ya mkono. Kisha mkono ukakumbuka, ukasimama.

Redio: Sema basi, mwenzetu. Unatuona?

Ghala: Wewe nakuona, kwa bahati mbaya.

Redio: Acha mzaha, bwana. Kasemaje?

Ghala: La kushoto ndiyo limekwenda, halirudi. La kulia limesimama. Halivuji tena. Kaangalia, akarudia kuangalia, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimefunga mdomo.

Baruti: UMEUFUNGAJE? Na sisi tumeshindwa!

Ghala: Tokeni nje. Siwezi kuileta ndani, ikipata joto kazi imeharibika.

Tukavaa makoti, tukamfuata. Juu ya ukingo wa ngazi palikuwa na sanduku la mviringo la kadibodi. Alilifungua kwa mikono yenye glavu nene, akatoa kofia ya kike, nyeusi, ya mahameli. Redio alivuta pumzi ili aseme neno, na pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake akalimeza. Tuliifahamu sote kofia ile. Ilikaa safu ya tatu kanisani, upande wa dirisha, kila Jumapili, mpaka Jumapili ile tulipoikosa.

Ghala: Ilikuwa inanuka naftalini. Siku ile friji imeanza kunguruma, mimi nikasema leo siiendei, nitatoka nje niipunge hewa kofia ya Lempi. Nimesimama hapo uani, theluji ikaanza. Ikatua juu yake. Nami shingoni nilikuwa na hii lenzi ya kusomea chupa za dawa. Nikatazama tu, basi.

Baruti: Ukaona nini?

Ghala: Njoo mwenyewe.

Theluji ya asubuhi ile ilikuwa ya kushuka polepole, bila upepo, kila chembe peke yake. Ghala aliikinga kofia kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, akangoja, kisha akamsogezea Baruti. Baruti aliinama na lenzi, akafungua mdomo.

Baruti: Mbona tone la maji?

Ghala: Umeipulizia. Ndiyo hivyo, ukihema tu imekwisha. Funga mdomo. Zuia pumzi.

Baruti akafunga mdomo. Mtu yule aliyelipua nusu ya kilima cha mgodi alizuia pumzi mpaka shingo ikawa nyekundu, na alipoinuka hakupiga kelele. Alinipa lenzi kwa mikono miwili.

Niliinama. Juu ya mahameli nyeusi palilala nyota isiyozidi punje ya dengu. Ilikuwa na mikono sita, na kila mkono ulichanua vijiti kwa pande zote mbili kama jani la kangaga, na kila kijiti kilikuwa na vijiti vyake, na kilichokuwa kwenye mkono mmoja kilikuwa kwenye yote, hata nundu ndogo iliyokuwa karibu na ncha. Pembeni yake ilitua nyingine isiyo na mikono, kigae cha pande sita, safi kama kioo cha dirisha, chenye michoro ya miduara ndani ambayo sindano ya mwanadamu haiwezi kuichora. Nilitaka kuitazama zaidi, lakini pumzi iliniponyoka, na zote mbili zikawa maji.

Nikainua kichwa. Lundo la theluji alilozoa mume wa Ilma lilikuwa limelipita dirisha la duka kwa kimo. Paa lilikuwa limeibeba. Barabara yote, makaburi, mnara wa mgodi, msitu mpaka ziwani, vyote vimefunikwa nayo. Tangu utoto wangu nimekizoa kitu hiki kwa koleo, nimekilaani, nikiwa mtoto nimekikojolea, na hakuna siku niliyokiinamia kukitazama.

Ghala: Sasa niambieni. Mikono ina glavu, mdomo umefungwa, pumzi imezuiwa. Hapo biskuti utaitia wapi? Friji ikinguruma, mimi naiacha ingurume. Nachukua kofia.

Redio alitazama mwisho, akatazama kwa muda mrefu. Aliporudisha lenzi sauti yake ilikuwa ya chini.

Redio: Na theluji ikiisha?

Ghala aliivuta kofia karibu na kifua.

Redio: Sikukebehi, mwenzangu. Naogopa tu. Mwezi wa tano utaangalia nini, tope?

Ghala: Daktari naye kaniuliza hivyo hivyo. Kipimo kingine ni vuli. Kaniambia hili jicho likivuja tena, halisimami.

Akasema hayo huku akiitazama kofia. Sote tukaona kile alichokuwa akikiona: siku ndefu za kiangazi ambazo jua halitaki kuzama, nyumba ile, na friji inayoita. Baruti alikohoa. Hakuna aliyetaja tarumbeta.

Wakati huo akafika Delfina Ochoa, mgawa barua wetu mpya, aliyehamishiwa kwetu kutoka jangwa la Arizona, na ambaye kwa baridi hii huvaa kila nguo aliyonayo kwa pamoja.

Delfina: Shikamooni, wazee. Mbona mko nje? Kuna moto?

Ghala: Marahaba, binti. Zuia pumzi, uangalie hapa.

Delfina aliweka mfuko chini, akainama. Tulisikia theluji ikigusa makoti yetu. Alikaa hivyo mpaka chembe kadhaa zilipotua na kupita, kisha akainuka na macho yenye maji, sijui kwa baridi au kwa kitu kingine.

Delfina: Zote zina pande sita?

Ghala: Zote.

Delfina: Hamna yenye tano?

Ghala: Sijaiona. Wala yenye saba. Zinatofautiana kwa kila kitu kingine, ila hapo hazitofautiani.

Delfina: Kwa nini?

Ghala alimtazama Baruti, na Baruti akamtazama Redio. Kisha wote, hata Ilma aliyekuwa ametoka na shali mabegani na kisu cha mkate mkononi, wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mwenye vitabu. Nikaitazama tena kofia.

Baruti alizungumza polepole, kama anayetafuta kitu gizani.

Baruti: Kule chini kulikuwa na mawe ya kioo. Yalijificha kwenye nyufa za mwamba, meupe, yamechongoka. Nayo yalikuwa na pande sita. Kila moja.

Delfina: Hayo nayo kwa nini?

Baruti: Sijui, binti. Mimi niliyalipua tu.

Redio: Na nyuki. Vile vyumba vyao.

Baruti: Navyo?

Redio: Sita. Shangazi yangu alikuwa na mzinga. Sita, bwana wee. Chini ya ardhi, juu mawinguni, na ndani ya mzinga.

Nyuma yetu, ndani ya vioo, birika lilikuwa limeacha kutoa mvuke na mkate ulikuwa mezani na kipande kimoja kilichokatwa, na hakuna aliyeugusa. Ilma aliona aibu ya kile kisu, akakificha chini ya shali, akaomba lenzi.

Ghala aliipangusa kofia kwa ncha ya glavu, akairudisha sandukuni, akafunika. Alipoinua uso, nilimwona amebadilika, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka upande mwingine wa nyumba.

Ghala: Hiyo ndiyo shughuli ya kiangazi.

Baruti: IPI?

Ghala: Hiyo "kwa nini" aliyouliza binti. Baruti, barafu ikiyeyuka utanipeleka kwenye vifusi vya mgodi, unionyeshe hayo mawe yako. Na wewe, Redio, ule mzinga wa shangazi yako bado upo?

Ilma: Urho! Asali, Urho!

Ghala: Asali mtakula ninyi. Mimi nataka kuzitazama pande za vile vyumba.