Kiganja juu ya Boneti

Macho hayana pazia, na masikio ya mwalimu siku hiyo hayakuwa hata na mlango. Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yake, fundi makenika alikuwa akimfundisha mama mshonaji, jirani yake wa safari tu, jinsi ya kununua gari dogo lililotumika.

"Rangi isikuhadae, mama. Ukifika, kabla ya salamu, weka kiganja juu ya boneti."

"Kabla ya salamu? Mimi nililelewa, mwanangu."

"Basi salimia huku umeishika. Injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi, muuzaji huiwasha mapema. Ukija wewe, inaitika mara moja. Ukikuta boneti ya moto, jiulize."

"Labda ametoka nalo sokoni."

"Labda. Kibaya chajitembeza."

Mama alicheka, lakini hakukubali. Mwalimu hakucheka. Alikuwa njiani kwenda kununua gari lake la kwanza, akiba ya miaka minne ikiwa mkobani.

Basi liliposimama kituoni kwake, simu ikaita. Alikuwa muuzaji, sauti tamu kama asali.

"Umefika wapi, mwalimu? Njoo tu, gari nimeshakuwashia."