Mwanasheria wa Anga Aliyemzuilia Shemeji Yake Ndege

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa karani wa stesheni na fundi cherehani.

Alianza shule mwaka 1964, akasoma sekondari ya bweni, na kuhitimu sheria chuo kikuu mwaka 1981. Kila mwalimu alimwandikia baba: "Anauliza sana." Baba alisema, "Basi wamjibu."

Mwaka huohuo aliajiriwa na mamlaka ya usafiri wa anga, katika chumba cha ghorofa ya pili ambacho vioo vyake vilitetemeka kila ndege ilipopaa. Kwa miaka thelathini na sita aliandika kanuni za leseni za marubani na vyeti vya ndege. Wenzake walimwita Kifungu: ukimwomba ruhusa ya nusu siku, alikusomea kifungu, kisha akakupa siku nzima.

Tarehe 6 Juni 1987 aliolewa na mpima ardhi. Mumewe hupenda kusema kwamba yeye aligawiwa ardhi, mkewe anga, na watoto wakatawala nyumba.

Agosti 1994, mume wa dada yake mkubwa, mwenye kampuni ya ndege mbili ndogo, alimfuata ofisini. Cheti cha usalama cha ndege moja kilikuwa kimeisha, na mkaguzi hakupatikana upesi.

"Shemeji, niandikie barua ya kuruka siku tatu tu. Ndege ni nzima, unaijua."

"Siijui, shemeji. Na wewe huijui mpaka ikaguliwe."

Ndege ikakaa chini, mkataba wa kubeba barua ukapewa mwingine. Mkaguzi alipofika hakukuta kasoro hata moja. Tangu hapo, salamu baina ya nyumba hizo mbili zikabaki za misibani.

Februari 2017 figo zake zilishindwa kazi. Shemeji aliposikia, alikuja na gari lake bila kuitwa, akawa anampeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Asubuhi moja njiani akamwambia, "Ile ndege ilikuwa nzima."

"Nilipoambiwa ni nzima, nililia kwa kushukuru," dada akamjibu. "Mkeo alikuwa akisafiri nayo kila Jumatatu."

Shemeji alisimamisha gari kando ya barabara. Siku hiyo walichelewa hospitali.

Dada alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, mdogo wake anayewasomea haya, na shemeji yake, ambaye ameomba aandikwe hapa kuwa kaka.

Alale kwa utulivu, dada yetu.